Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Safari ya Huduma ya Watoto, Kisumu hadi Tarime

Kila tukitangaza safari hii, maswali huanzia mlangoni mwa kanisa na huendelea mpaka akina mama wa chai wanaanza kukusanya vikombe. Hapa nimeandika yale yanayorudi kila mwaka pamoja na majibu ya kamati. Palipo na maoni yangu binafsi kama katibu nimesema, ili mchungaji asilaumiwe kwa maneno yangu.

Safari yenyewe ni ipi, kwa kifupi?

Watu 14 wa kanisa letu hapa Kisumu wanakwenda wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, Tanzania, kwa siku nane mwanzoni mwa Desemba. Siku mbili ni za barabarani, moja ni Jumapili, tano zilizobaki ni za kazi. Tunapokewa na kanisa la kijijini lenye watoto wengi na walimu wanne tu wa shule ya Jumapili. Asubuhi tunakaa na walimu hao. Alasiri, saa nane hadi saa kumi na moja, wao wanaendesha kipindi cha watoto na sisi tunawasaidia: nyimbo, hadithi ya Biblia, michezo, uji, kisha kila mtoto anarudi kwao.

Kwa nini Desemba?

Ni kalenda za shule. Agosti watoto wetu wako likizo lakini wa Tanzania wako darasani. Desemba pande zote mbili zimefunga. Mwezi huu una ugumu wake mwingine. Soma swali la ukeketaji hapo chini kabla ya kujaza fomu.

Kwani watoto wa mitaa yetu ya Nyalenda na Obunga wamekwisha, mpaka mvuke mpaka?

Wazee wa kanisa huuliza hili, na wana haki ya kuuliza. Jibu la kwanza ni kwamba haendi mtu ambaye hajafundisha shule ya Jumapili hapa nyumbani kwa mwaka mzima. Mwaka juzi tulimkatalia kijana mwenye pasi tayari, nauli tayari na begi jipya mgongoni, kwa sababu hakukuwa na mtoto hata mmoja wa kanisani kwetu aliyejua jina lake.

Jibu la pili ni kwamba tuliitwa. Walimu wa Tarime walikuja kwenye mafunzo yetu ya Aprili, wakalala majumbani mwetu Manyatta, na kabla ya kuondoka wakasema, "Sasa ni zamu yenu." Orodha ya kazi waliiandika wao. Wanataka mambo mawili: jinsi ya kufundisha watoto wa miaka minne na wa miaka kumi na mbili katika chumba kimoja, na jinsi ya kutengeneza vifaa vya somo bila kwenda dukani.

Tena sisi wa Kisumu upande wa pili wa mambo haya tunaujua. Tumepokea wageni wa misheni tangu utotoni. Nilipokuwa shule ya msingi, ukuta wa darasa letu ulipakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili, na vikundi vitatu, kila kimoja na tisheti za rangi yake. Choo cha wasichana kilikuwa kimebomoka muda wote huo. Hakuna aliyetuuliza, na sisi tuliimba nyimbo za kukaribisha vizuri sana.

Mbona hatutembelei makao ya watoto? Si huko ndiko kwenye shida?

Hili nalijibu kwa urefu, mnivumilie.

Kabla ya kamati hii kuundwa nilikwenda na kikundi kingine kwenye makao fulani nje ya nchi. Tulishuka garini na puto na katoni za biskuti. Mtoto wa kike, kama wa miaka sita, akanishika mkono. Hakuniuliza jina. Aliuliza, "Mnaondoka siku gani?" Nikamwambia Ijumaa. Akasema, "Wale wengine waliondoka Alhamisi," kisha akanipanda mgongoni kana kwamba tumejuana tangu azaliwe. Wiki nzima hakubanduka kwangu. Wenzangu walisema ni upendo, nami niliamini hivyo mpaka Ijumaa. Tulipokuwa tukipakia mizigo nilimtafuta nimuage. Alikuwa langoni, anatazama gari jingine likiingia.

Watu wa malezi wameeleza jambo hili kwa miaka mingi: mtoto anayebebwa na kuachwa na mgeni baada ya mgeni hujifunza kumkumbatia kila mtu bila kumtegemea yeyote. Na kuna la pili ambalo waumini wengi hawalijui. Watoto wengi walio kwenye makao hayo wana mzazi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba duniani angalau wanne kati ya kila watoto watano walio kwenye vituo vya malezi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kinachowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Chakula, viatu na karo vikimiminika kwenye jengo moja, mama asiye na kitu atampeleka mwanawe palipo na sahani. Serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Sioni sababu ya kanisa kuvuka mpaka likafanye kinyume.

Ndiyo maana tunakwenda mahali ambapo mtoto akishiba uji anarudi kwa mama yake, na kesho yake atamkuta mwalimu yule yule aliyemzoea.

Nani anaruhusiwa kujiandikisha?

Aliyetimiza miaka 18, mwalimu wa shule ya Jumapili kwa mwaka mmoja au zaidi, mwenye barua kutoka kwa kiongozi wa idara ya watoto na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Cheti hicho kinaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, na Huduma Centre hapa mjini wanafanya kazi hiyo. Anza mapema. Mchungaji mwenyewe analeta cheti, na mke wake pia, kwa hiyo usione umeshukiwa.

Kitambulisho kinatosha kuvuka?

Hapana! Kila mwaka kuna anayebisha kwa sababu aliwahi kwenda Uganda na kitambulisho. Ni kweli, Kenya, Uganda na Rwanda zinakubaliana kuhusu kitambulisho tangu 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasi ya kusafiria au kibali cha muda. Viza haihitajiki kwa Mkenya.

Unahitaji pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo lazima iwe imekaa mwilini siku 10 kabla hujavuka, na tangu 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yako yote, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe. Kanisa mwenyeji ndilo linaloandikia ofisi ya uhamiaji ya kule kuhusu ujio wetu na kazi tutakayofanya, nasi tunafuata watakachoelekezwa. Tukifika tunapelekwa kwa mtendaji wa kijiji kujitambulisha kabla hata ya kufungua mabegi.

Tunasafirije?

Matatu ya kukodi kutoka Kisumu, tunapita Ahero, Kisii na Migori hadi Isebania. Hapo tunashuka na mizigo, tunagonga mihuri ya kutoka na ya kuingia, tunatokea Sirari kwa miguu, na Coaster ya wenyeji inatusubiri. Tuliwahi kufikiria kuvuka na gari letu, tukahesabu karatasi zake, tukaacha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Huku ilipigwa marufuku 2017, kule 2019, na kuna dada yetu aliyepanga nguo zake upya mbele ya foleni nzima.

Sheria za kukaa na watoto ni zipi?

Kila msafiri anatia sahihi karatasi ya kanuni. Hakuna mtu mzima wa kwetu anayebaki peke yake na mtoto, awe chumbani, garini, njiani kwenda chooni au kwenye maombi. Mtoto akitaka kuombewa, anaombewa pale wengine wanapoona, na mwalimu wake akiwepo. Hatumpakati mtoto, hatumwogeshi, hatumchapi. Hatumpi namba ya simu wala kumwomba yake. Hatumwahidi kwamba tutarudi, hata kama tunajua tutarudi.

Mtoto akikueleza jambo zito, kwamba anapigwa au ameguswa vibaya, msikilize bila kumhoji. Usimwambie "itakuwa siri." Mwambie utamweleza mtu anayeweza kusaidia, kisha siku hiyo hiyo umweleze mwalimu wa ulinzi wa mtoto wa kanisa mwenyeji pamoja na kiongozi wa msafara. Wao watakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto, na inatumika Kenya na Tanzania. Iandike ndani ya jalada la Biblia yako. Sheria za nchi zote mbili, ya kwetu ya 2022 na ya Tanzania ya 2009, ziko wazi kuhusu ulinzi wa mtoto, na kuokoka hakumwondoi mtu mikononi mwake.

Picha je? Wafadhili watajuaje tumefanya kazi?

Simu zinakaa kwenye kapu la mratibu kuanzia saa nane hadi kipindi kiishe. Mtu mmoja tu ndiye mpiga picha, na anapiga mikono, migongo, vyombo, ubao, na walimu waliokubali. Uso wa mtoto hauendi kwenye status ya mtu.

Wafadhili wetu ni nyinyi waumini, na tunawaletea stakabadhi. Kwa maoni yangu, mtu anayehitaji kuona kamasi za mtoto wa watu ndipo atoe mia mbili, abaki nayo.

Kiswahili chetu kitaeleweka?

Kitaeleweka, lakini kitachekwa, nacho kinastahili kuchekwa. Mwaka jana kijana wetu mmoja, mwalimu hodari, alisalimiwa na msichana mdogo aliyepiga magoti kidogo na kusema, "Shikamoo." Kijana akajibu kwa furaha, "Poa sana!" na kunyoosha ngumi wagongane. Msichana hakusogea. Alibaki vile vile, goti limekunjwa, anasubiri marahaba yake. Ilibidi mwalimu wao apite na kumnong'oneza mgeni.

Kwa hiyo Oktoba tunafanya mazoezi, msicheke. Kwa Watanzania huagizi "leta chai" wala "nipe maji," unasema "naomba." Omena wanaiita dagaa, mbuta ni sangara, ngege ni sato, na ni samaki wa ziwa lile lile. Githeri ni makande. Nasari ni chekechea. Sheng iacheni Isebania. Nyumbani wengi wanazungumza Kikurya, ambacho pia ni cha jirani zetu wa Kuria upande huu, na Waluo hawakosekani, kwa hiyo usidhani ukisema Kijaluo kwa sauti ya chini utakuwa umejificha.

Tutajenga au kupaka rangi chochote?

Rangi, hapana. Kitu pekee tunachojenga ni kibuyu chirizi, nacho tunakijenga na watoto wakubwa. Unachukua dumu la lita tano, unatoboa tundu dogo karibu na shingo, unalining'iniza kwenye fito iliyolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba inafungwa kwenye kifuniko na kushuka hadi kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Sabuni ya kipande inatobolewa katikati na kuning'inizwa kwa uzi kando yake.

Cha kwanza nilitoboa mimi, kwa msumari mnene uliopashwa moto, na maji yalikwisha kabla mtoto wa kumi hajafika. Mwalimu mmoja akakata kipande cha ndala kuukuu, akakiyeyusha juu ya mshumaa na kuziba tundu langu, kisha akatoboa jingine kwa sindano ya kushonea magunia. Hicho chake ndicho kinachotumika hadi leo. Tangu hapo somo hili tunafundishwa, hatulifundishi.

Naweza kubeba pipi, nguo na madaftari ya kugawa?

Tafadhali usibebe. Mgeni akigawa pipi siku ya kwanza, siku ya pili hakuna kipindi, kuna msururu wa mikono. Na mwalimu anayebaki pale bila pipi ataonekana mchoyo mwaka mzima. Wenyeji wanatuma orodha Novemba, tunanunua vitu sokoni Tarime, na wao ndio wanaovitoa kwa mkono wao. Mwenye duka wa kule naye apate riziki, nasi tusijieleze forodhani kwa nini watu 14 wamebeba madaftari mia tatu.

Je, tutafundisha kuhusu ukeketaji?

Hili ndilo swali gumu zaidi kwenye ukurasa huu. Desemba, shule zikifungwa, ndio msimu wa ukeketaji kwa baadhi ya koo za Wakurya, pande zote mbili za mpaka. Kenya ina sheria ya kuupiga marufuku tangu 2011, na sheria hiyo inamgusa pia anayempeleka msichana nchi nyingine akakeketwe. Tanzania ilikataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 tangu 1998. Pamoja na hayo, kuna wasichana ambao kila Desemba hukimbilia nyumba salama, na wengine huvushwa mpaka usiku.

Hatusimami madhabahuni kuhubiri jambo hili. Mgeni wa siku nane akilihubiri, akishaondoka hasira ya wazee inabaki kwa mwalimu na kwa binti. Walimu wenyeji, wengine wao akina mama waliopitia hayo, wana somo lao na njia yao ya kuzungumza na wasichana na wazazi. Sisi tunafanya mawili. Kipindi cha watoto kinaendelea kila siku ya kazi bila kukosa, kwa sababu mwalimu mwenye daftari la mahudhurio ndiye wa kwanza kujua msichana gani hakuonekana leo. Na binti akikuambia, hata kwa mafumbo, hata kwa kusema tu kwamba shangazi zake wamekuja na kuna pombe inapikwa, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo. Usingoje kikao cha jioni.

Watoto wa madhehebu mengine wanakubaliwa?

Wanakubaliwa wakiwa na ruhusa ya mzazi. Familia nyingi kule ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hatuna kipindi. Hatuhesabu waliookoka na hatutangazi idadi.

Gharama ni kiasi gani?

Shilingi 18,000 za Kenya kwa kila mtu. Nauli ya huku na kule ni 6,500. Chakula na malazi ni 7,000, na hizo zinakabidhiwa kanisa mwenyeji siku ya kwanza, kwa sababu haiwezekani tukahudumie watoto huku tukila akiba ya wazazi wao. Vifaa ni 2,500, dharura 2,000. Pasi na chanjo ni juu yako. Asiye na uwezo aseme. Harambee ya Oktoba ni kwa ajili yake, na mandazi ya akina mama baada ya ibada ya pili yameshalipia wawili.

Pesa zibadilishwe kwa wanaotambulika, si kwa kijana anayekukimbilia na bulungutu pale mpakani. Shilingi moja ya Kenya huzunguka karibu na 20 za kule, na sufuri zikiwa nyingi mtu huchanganyikiwa haraka. M-Pesa ya laini yako ya huku na M-Pesa ya Vodacom ni akaunti mbili, kwa hiyo usitarajie kulipia soda kama uko Kondele.

Tutalala wapi, tutakula nini?

Wanawake kwenye nyumba ya mchungaji na jirani yake, wanaume kwenye madarasa ya kanisa. Ugali, dagaa, maharage, makande, ndizi. Maji ya kunywa yamechemshwa. Beba neti, malaria iko, na beba sweta kwa sababu asubuhi za Tarime zina baridi ambayo mtu wa Kisumu haijui.

Tutapita Serengeti?

Hapana.

Mzazi wangu atajuaje niko salama?

Kila jioni saa mbili mratibu anatuma ujumbe mmoja kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, wa maneno, bila picha: tuko 14, tumekula, nani anaumwa kichwa. Saa za kule ni sawa na za huku. Wazazi wasio na simu ya intaneti wanapigiwa na mama mlezi wa vijana, ambaye anabaki Kisumu na ndiye mwenye nakala za pasi zetu zote. Mtu akiugua kiasi cha kulazwa, mmoja wetu anabaki naye mpaka aruhusiwe, hata kama wengine wamerudi. Fomu ziko kwake pia, chini ya mwembe, baada ya ibada ya pili. Njoo na kalamu yako, zile za kanisa haziandiki.